Natafuta Jirani Aliyeridhika

Haya yalitokea katika nchi ya mbali sana, mbali kiasi kwamba ukitoka nyumbani kwako kwenda kuitafuta unaweza kuifikia kabla hujavuka kizingiti. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kulitaja jina la nchi ile kunahitaji kibali, na kibali hutolewa na mtu ambaye siku zote ametoka kidogo, subiri, atarudi.

Mimi huko nilikuwa msaga mahindi. Nilisimama kwenye mashine ya mtu mwingine nikavuta unga puani maisha yangu yote. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mambo makubwa sikuyaelewa. Ninayoyasema hapa ni yale tu niliyoelezwa na wanaoelewa. Ukikuta upumbavu ndani yake, mwenyewe si mimi.

Basi, Serikali ya nchi ile iligundua kwamba wananchi wake wanaumwa. Ilisikitika sana. Redio ilisema Mtukufu Rais alishindwa kula chakula cha mchana, akala baadaye. Ikaundwa tume, tume ikapanda ndege kwenda nchi za watu kutazama jinsi wenzetu wanavyoumwa, ikarudi imenenepa. Ikasema: tatizo letu si magonjwa. Tatizo ni kwamba wananchi wanajiamulia wenyewe kuumwa, kiholela, bila utaalamu wowote. Mtu anaamka tu asubuhi anasema kichwa kinaniuma. Nani kamwambia?

Ndipo zikaletwa bangili.

*

Tulikusanywa uwanjani tangu asubuhi. Waziri wa Uzima na Kuridhika alifika jioni, akapanda jukwaani akiwa ameshika bangili moja juu juu, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Ndugu wananchi," alisema, "chombo hiki kinajua mapigo yako, pumzi zako, usingizi wako na hatua zako. Kinakujua kuliko mama yako mzazi, ambaye kwanza hakusomea. Kikiwaka kijani, wewe ni mzima. Kikiwaka njano, wewe ni mzima lakini umekaa mno, inuka utembee. Kikiwaka nyekundu..." Akatazama karatasi yake, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Nyekundu haijawekwa. Haitahitajika."

Tukapiga makofi. Wengine walipiga vigelegele.

Kila mtu mzima akavishwa bangili mkono wa kushoto, ikafungwa kwa ufunguo unaokaa ofisi ya kata. Kuikata ilikuwa uhujumu. Wakubwa nao walivaa, tena za rangi ya dhahabu, ila wao walizivaa juu ya mkono wa koti. Niliuliza kwa nini. Nikaambiwa ngozi ya kiongozi ni siri ya taifa.

Chombo chenyewe, nisiwe mchoyo wa sifa, kilikuwa cha ajabu. Hakikuhitaji umeme, maana umeme tungeutoa wapi. Kilijichaji kwa mapigo ya moyo ya aliyekivaa. Na ikitokea mapigo yake yamefifia kidogo, hakikuhangaika: kilikopa mapigo ya mtu mzima aliye karibu, kikaendelea kuwaka kijani. Waziri alisema huo ndio mshikamano, na kwamba wataalamu wa nchi nyingine walipouona walilia. Hakusema walilia nini.

Tena kilikuwa na sauti ya mwanamke, sauti laini ya mtu aliyeshiba. Kila Ijumaa alasiri ilituuliza: "Mpendwa mtumiaji, umeridhika kiasi gani na bangili yako? Sema: sana, sana sana, au sana kupita kiasi." Ukikaa kimya, ilisema: "Natafuta jirani aliyeridhika." Ikimpata, ilichukua maoni yake ikayafanya yako, ikakwambia ahsante.

Ndiyo maana nchi nzima ilikuwa na maoni mamoja. Watu wa nje walidhani tunalazimishwa.

*

Ijumaa hizo tulikusanywa kwenye Kikao cha Maoni, uwanjani mbele ya ofisi ya kata. Mwenyekiti alikuwa Afisa Uzima wetu, Bwana Alfani, kijana mwembamba mwenye koti kubwa, aliyekuwa ameanza naye kuivaa bangili yake juu ya koti ingawa cheo chake kilikuwa bado hakijafika hapo.

Mama mmoja muuza dagaa alisimama. "Yangu inawasha. Mkono umetoka vipele mpaka kwenye kiwiko."

"Mama," akasema Bwana Alfani, "hayo ni malalamiko. Hiki ni kikao cha maoni."

"Tofauti yake nini, mwanangu?"

"Maoni huanza na neno nashukuru."

Yule mama akafikiri. "Nashukuru inawasha."

"Umeona ulivyojieleza vizuri!"

Akasimama Shaweji kinyozi, jirani yangu, mtu ambaye hata msibani lazima atoe neno. "Mimi nashukuru. Nikinyoa, mkono wangu unakwenda huku na huku, yenyewe inadhani natembea. Juzi imenipongeza kwa tarumbeta nimefika mpakani mwa nchi. Nikashtuka, nikamkata mteja sikio. Damu inamtoka, ya kwake inawaka kijani. Kwa hiyo nashukuru, hakuumia."

Watu wakacheka. Bwana Alfani akaandika: *Wateja wa vinyozi, kuridhika sana.*

Mke wangu Mwajabu hakucheka. Alikuwa amekaa chini pembeni yangu, ameegemea goti langu, anahema.

*

Mwajabu alikuwa akikaanga vitumbua nje ya mashine ninaposagia. Alianza kwa kuvimba miguu. Halafu pumzi. Akitoka kisimani anasimama njiani kama mtu aliyesahau kitu. Halafu akawa hawezi kulala chali, analala ameketi, mgongo ukutani.

Nilimpeleka zahanati. Nesi alimtazama mkono kabla hajamtazama uso, tena usoni sidhani kama alifika.

"Mama, wewe kijani."

"Mwanangu, sipumui."

"Bangili inasema unapumua. Tena vizuri, kunishinda mimi."

"Basi sawa, ipe dawa hiyo bangili, mimi nitaisubiri nje."

"Bibi, dawa ni za wagonjwa. Nikikupa wewe mzima, nikiulizwa nitasema nini?"

Nikaingilia mimi. Nikasema, dada, mtazame tu hiyo miguu, bonyeza kwa kidole uone shimo linavyobaki. Akasema macho yake hayana kibali siku hizi. Lakini hakuwa mtu mbaya, na hilo lazima niliseme. Tulipokuwa tunatoka alimsogelea Mwajabu akamnong'oneza: "Bibi, hata mimi mgongo unaniua tangu nivishwe hili dude. Nitamwambia nani?"

Tulirudi mara nyingine na nyingine. Kijani. Bwana Alfani akatuonya kwamba kwenda zahanati ukiwa kijani ni kueneza uvumi.

Nyumbani nilikaa naye kitandani, nimemshika mkono, ule ule wa kushoto wenye bangili, maana mkono ule ulikuwa wa baridi nikawa naupasha moto. Taa inawaka kijani ukutani.

"Chande," akaniambia, "inasemaje leo?"

"Inasema u mzima."

"Eti eh? Basi anayeumwa ni mwingine humu ndani. Hebu mtafute uvunguni."

Tukacheka. Kicheko chake kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Kilipomwachia akasema, "Nataka mtu mmoja tu aniamini."

"Mimi nakuamini."

Akanipapasa shavu. "Wewe huna mhuri, baba."

Hilo ndilo alilolitaka Mwajabu hapa duniani mwishoni, wala si kubwa: aaminiwe na mwenye mhuri. Alifariki asubuhi, uji upo jikoni haujapoa. Nilikuwa nimemshika mkono vile vile. Bangili ikasema kwa ile sauti yake ya shibe: "Hongera, Mwajabu. Umepumzika vizuri."

*

Msiba ukajaa. Wanawake wa mtaa wakaingia chumbani wakamzunguka, huyu kamshika mguu, huyu kamshika mkono, huyu kalaza kichwa kifuani pake analia. Bi Sikudhani, ambaye ndiye mwosha wetu tangu sikumbuki lini, akaja na ndoo zake na udi wake. Akamvua hereni. Akamvua pete, kwa sabuni. Alipofika kwenye bangili akasimama.

"Hii haitoki," akaniita mlangoni. "Na mimi simwachi mtu azikwe na pambo. Kaulete huo ufunguo."

Nikaenda kata. Bwana Alfani akanipa mkono wa pole, akakumbuka, akaurudisha. "Pole kwa taarifa zisizothibitishwa," akasema. Tukafuatana mpaka nyumbani. Akabisha hodi, wanawake wakajifunika, akaingia hatua moja akachungulia kile kifundo cha mkono.

Kijani. Tena kijani kinachometameta, sijapata kukiona hivyo alipokuwa hai.

"Mzee Chande," akasema taratibu, "mbona huyu mzima?"

Bi Sikudhani akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"We Alfani. Mimi naosha maiti tangu wewe unatambaa. Mama yako nilimwosha mimi. Njoo umshike paji la uso."

"Bi Sikudhani, kwa heshima zote, kushika ni njia ya zamani."

"Mshike!"

"Una cheti cha kutambua kifo?"

"Cheti nitakupa cha makofi, mjinga wewe, mtoto wa marehemu mwenzangu!"

Bwana Alfani akatoka nje akapiga simu makao makuu. Alipokuwa anazungumza alisimama wima mguu sawa, kofia mkononi, ingawa aliyekuwa akimsikiliza alikuwa mbali hata mji wake siujui. Ndiyo mkuu. Ndiyo mkuu. Nimeelewa mkuu. Akarudi ametokwa jasho.

"Makao makuu wamechunguza," akasema.

"Sasa hivi? Kwa simu?" akauliza Shaweji.

"Kwa kina. Bangili haina kosa lolote. Marehemu, yaani mtumiaji, amezungukwa na watu wazima wenye mapigo mazuri, na chombo kinakopa kwao kama kilivyoelekezwa. Utaratibu ni huu: watu wote waondoke. Nyumba hii na za jirani. Aachwe peke yake kutwa nzima. Bangili ikikosa mtu wa kumkopa itazima, nayo ikizima, kifo kitatambuliwa, na ufunguo utakuja."

"Maiti haachwi peke yake," akasema Bi Sikudhani. Sauti yake ilikuwa ya chini sana sasa. "Tangu lini maiti akaachwa peke yake?"

"Ndiyo maana bado hajawa maiti, Bi Sikudhani. Mila zenu ndizo zinazomchelewesha."

Halafu akanigeukia mimi. Akavua kofia tena, nikajua kuna lingine.

"Na wamebaini pia kwamba katika kipindi cha, cha kutojisikia kwake, mtumiaji alikuwa anashikwa mkono mara kwa mara na mtu asiyeidhinishwa. Mapigo yaliyokuwa yanasomwa ni ya huyo mshikaji. Ndiyo maana zahanati walimwona mzima. Hata mbele ya nesi alikuwa ameshikwa."

"Mshikaji ni mimi," nikasema.

"Makao makuu wanakupa pole. Na onyo."

Sasa wewe unayesoma, uliyesoma kunishinda, hebu nisaidie. Aliyetengeneza chombo kinachokopa mapigo hana kosa. Aliyekinunua hana kosa, anajenga ghorofa. Waziri aliyesema nyekundu haitahitajika hana kosa, amepandishwa cheo. Nesi aliyekatazwa macho yake hana kosa. Mwenye kosa katika nchi nzima ile ni msaga mahindi aliyemshika mkewe mkono. Nililifikiria sana hilo, nikiwa nimesimama pale uani na watu wananitazama, na jibu nililolipata pale ndilo nililonalo mpaka leo: sikukosa kitu. Nikirudishiwa siku zile, nitamshika mikono yote miwili.

*

"Bwana Alfani," nikamwita. "Mke wangu yu hai?"

"Kwa mujibu wa chombo, yu hai."

"Na raia aliye hai anaruhusiwa kutembea?"

"Anahimizwa," akasema upesi, maana hilo alilikariri. "Kutembea ni uzalendo."

"Basi tunatoka naye matembezini."

Akafungua mdomo. Shaweji akamwahi, akapiga paja. "Haya jamani, Mwajabu anakwenda kunyoosha miguu!" Watu wakaenda msikitini kuleta jeneza.

Bi Sikudhani akamwosha. Maji aliyapitisha chini ya bangili kwa ncha ya kidole, pole pole, kuzunguka, mpaka akaridhika hakuna pakavu. Kisha akaifunika kwa kipande cha sanda ili isionekane. Taa ikaonekana vile vile, kijani ndani ya nyeupe. Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema, "Mola wangu, hii si yetu. Tumejaribu kuitoa, wewe umetuona."

Tukatoka. Kwetu jeneza halibebwi na watu wale wale. Anayelikuta njiani hulipokea begani hatua chache, akampa mwingine, hata kama hamjui aliyemo. Basi likapita kutoka bega hadi bega, wauza mkaa wakalipokea, mafundi viatu wakalipokea, wanafunzi wa ufundi wakakimbia kutoka upande wa pili wa barabara wakalipokea, na lile dude ndani likawa linahesabu, linahesabu. Mbele yetu anatembea Bwana Alfani, kwa kuwa matembezi ya pamoja yanahitaji afisa. Tulipokunja kona ya makaburini, tarumbeta zikalia ndani ya jeneza.

"Hongera, Mwajabu! Umevunja rekodi ya kata! Moyo wako ni wa kijana!"

Wabebaji nusura waliangushe. Watu hawakujua walie au wacheke. Wengine walifanya yote mawili. Mimi nilikuwa natazama tu shingo ya aliye mbele yangu.

Tulipomshusha kaburini Bwana Alfani akauliza kwa sauti ya kazini, "Hapo mnafanya nini?"

"Anapumzika," akasema Shaweji. "Si ndivyo inavyoshauri baada ya mazoezi?"

Bwana Alfani akatazama mawingu. Watu walipoanza kutupa udongo, nilimwona akitazama huku na huku, akainama naye, akatupa wake. Kisha akajifuta mikono kwenye koti, haraka.

*

Hivyo mimi ni mgane asiye na mhuri. Kwenye mitambo yao Mwajabu yupo, kijani. Redio ilimtaja: mwanamke wa kata yetu aliyetembea kuliko wote, wengine waige. Waziri akaahidi kuja mwenyewe kumpa zawadi, mwamvuli wenye picha ya Mtukufu. Wakubwa wakazidi kufurahi walipoona kwamba mahali penye watu wenye afya njema kuliko kote katika kata ni sehemu moja nje kidogo ya mji, yenye miti na upepo mzuri, ambako watu hulala vizuri hawasumbuki. Waliazimia kupima viwanja huko.

Kuzima, bangili za makaburini hazikuzima. Ziachwe bila mtu kutwa nzima, lini? Makaburini hapakauki watu siku hizi. Kila siku analetwa mtu kijani.

Ila kukawa na tatizo, na Bwana Alfani akaja kunieleza mashineni, koti limejaa unga.

"Mzee Chande, mkeo anatuharibia."

"Amefanya nini tena?"

"Hatoi maoni. Ijumaa saa ya kikao watu wote tuko uwanjani, kule makaburini hakuna hata nafsi. Kile chombo chake kinauliza, hakijibiwi. Kinatafuta jirani, hakuna. Na majirani zake wale wengine nao hivyo hivyo. Kata nzima imeridhika, imebaki ile sehemu tu. Na Waziri anakuja Ijumaa hii." Akajipangusa unga. "Wewe nenda kwake saa hiyo. Nakupa ruhusa ya kukosa kikao. Kaa karibu, bangili yako ikikuuliza, sema kwa sauti, sana kupita kiasi. Na yeye atakopa kwako, na wenzake watakopa kwake. Tumemaliza."

Nikaendelea kumimina mahindi.

"Ukifanya hivyo," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "mimi mwenyewe nitampigia mhuri. Alikufa, na aliumwa kwanza. Vyote viwili. Naapa kwa mama yangu. Mzee wangu, nina watoto."

Nilizima mashine. Nikaona kweli ana macho ya mtu asiyelala. Na mhuri alikuwa nao mfukoni, alinionyesha. Kitu kidogo, cha mbao, kimechakaa ncha.

"Nitakwenda," nikamwambia.

Ijumaa makaburi yalikuwa matupu, mji mzima uko uwanjani, vipaza sauti vinasikika kwa mbali vikimsifu Waziri. Nikakaa chini upande wa kushoto wa Mwajabu. Nikaweka kiganja juu ya udongo, pale nilipokadiria mkono wake upo. Chini kabisa, kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi, ile sauti ikaamka: "Mapigo yako ni mazuri, Mwajabu." Najua ni mazuri. Ni yangu.

Kisha saa ikafika. "Mpendwa mtumiaji," ikasema mkononi mwangu. "Mpendwa mtumiaji," ikasema chini. "Umeridhika kiasi gani na bangili yako?"

Nilikuwa nimekwenda kusema. Nisikudanganye. Neno lilikuwa mdomoni, nililitayarisha njia nzima, maneno matatu tu, na kile alichokitaka kingekuwa chake. Lakini nikafikiri, hili neno nitalisema mimi, litaingia kwake, litakuwa la kwake. Wataandika Mwajabu binti fulani, aliumwa, akafa, akaridhika kupita kiasi.

Nikanyamaza. Yeye alikuwa kanyamaza zamani.

"Natafuta jirani aliyeridhika," ikasema yangu, ikaenda kumuuliza yeye. "Natafuta jirani aliyeridhika," ikasema yake, ikaja kuniuliza mimi. Zikapishana. Zikarudi. Na chini yetu, kulia na kushoto, nikasikia nyingine zinaamka, safu kwa safu mpaka kwenye ukuta, zote kwa sauti ile ile, kila moja inakwenda kwa mwenzake na inarudi mikono mitupu. Taa ya mkononi mwangu ikawa njano. Halafu ikawaka ile rangi ambayo Waziri alisema haijawekwa.

Kule uwanjani vipaza sauti vikakata.

Bwana Alfani akaja mbio, koti linapepea, mhuri mkononi. "Sema, Mzee Chande! Sema neno, wanaona! Zenu zimezivuruga za uwanjani, kata nzima inawaka nyekundu! Sema!" Akafika ukingoni mwa kaburi akasimama, anahema. Bangili yake ya juu ya koti ilimwona, ikamgeukia kwa adabu: "Mpendwa mtumiaji, umeridhika kiasi gani?"

Nilisogea tu kidogo, kama unavyompisha mtu aliyechelewa msibani, nikampa nafasi ya kukaa.

Akafungua mdomo. Akatazama ule udongo ambao alitupa na yeye. Mkono wake wenye mhuri ukashuka. Akakaa chini kando yangu, taratibu, koti lake likakunjamana, na mdomo akaufunga.

"Natafuta jirani aliyeridhika," ikasema yake.

Tukaziacha zitafute.